Karatasi Zilizobaki Mkobani



Juma hili safu yetu ya malezi inazungumzia macho ya watoto wadogo, wale wa umri wa miaka mitatu hadi sita walioko chekechea na katika madarasa ya mwanzo ya chuoni. Akina mama wa mitaa miwili wameniomba nieleze namna ya kuandaa siku ya kupima macho, kwa kuwa wanakusudia kuifanya baada ya likizo. Nitaeleza kadiri nijuavyo, inshaallah. Lakini kabla ya kufika kwenye chati na vipimo, sina budi kusimulia kosa tulilolifanya sisi, ili wao wasilirudie.

Mwaka wa kwanza tulipopima macho katika madrasa ya mtaani kwetu, tulidhani kila jambo limekwenda vyema. Muuguzi wa macho alifika asubuhi mapema, ustadhi alitupatia darasa, akina mama walipika mahamri na chai, na ilipofika adhuhuri watoto wote waliokuwapo walikuwa wamepimwa. Saba miongoni mwao hawakufaulu. Tukawaandikia karatasi za kuwapeleka katika kitengo cha macho cha hospitali, tukawakabidhi wazichukue nyumbani, tukapiga picha, tukashukuru, tukatawanyika.

Miezi mitatu baadaye, nilipopata akili ya kuuliza, niligundua kwamba waliofika hospitali ni wawili tu. Karatasi za wengine zilikuwa bado zimo mikobani, zimekunjamana baina ya juzuu na daftari. Moja ilikuwa imefungiwa kashata.

Miongoni mwa watano wale alikuwamo mvulana wa miaka mitano anayelelewa na bibi yake. Nilikwenda nyumbani kwao, nikamkuta bibi uani akichambua mchele. Nilipomweleza shida iliyonileta, alicheka kwa upole akaniambia, “Mwanangu, mimi ndiye nisiyeona. Huyu sindano ikianguka mkekani, yeye ndiye huniokotea. Hospitali akafanye nini?”

Bibi hakusema uongo. Mjukuu wake alikuwa akiona, tena vizuri, kwa jicho la kulia. Siku ile ya kupima, muuguzi alipomziba jicho la kushoto alitaja michoro yote bila kusita. Alipozibwa la kulia, alianza kulia na kuibandua plasta. Sisi tuliokuwa tumesimama pale tulidhani amechoka. Muuguzi alijua maana yake: mtoto akikataa kuzibwa jicho moja tu na kuridhia la pili, huenda lile analolitetea ndilo peke yake analolitegemea.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili lote. Mtu mzima aliyepungukiwa na nuru ya jicho hulalamika kwa sababu anakumbuka alivyokuwa akiona jana. Mtoto hana jana ya kulinganisha. Aliyezaliwa na jicho moja lenye ukungu hudhani ndivyo ulimwengu ulivyo, na maadamu jicho la pili ni zima, hatajikwaa wala hatauliza neno. Mama hatajua, na mwalimu hatajua.

Ilhali ndani ya kichwa mambo yanaendelea. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho hupokea nuru, na ubongo hujifunza kuisoma taswira inayoletwa. Katika miaka ya mwanzo ya maisha, ubongo ukiletewa taswira mbili, moja safi na nyingine hafifu, huishika iliyo safi na kuipuuza hafifu. Jicho linalopuuzwa huzidi kudhoofika kwa kutotumiwa, hata kama ukilitazama halina doa wala wekundu. Hali hii wengine huiita jicho zembe, ingawa kwa hakika uzembe si wa mtoto wala si wa jicho. Aghalabu husababishwa na tofauti kubwa ya nguvu baina ya macho mawili, au makengeza, au kitu kinachoziba nuru kama vile mtoto wa jicho.

Habari njema ni kwamba hali hii hutibika, na tiba yenyewe si ya kutisha. Mara nyingi huwa ni miwani, na ikibidi, kuziba lile jicho zima kwa saa chache kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia dhaifu. Habari nzito ni kwamba tiba hiyo hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya kutimiza miaka saba. Baada ya hapo bado wapo wanaopata nafuu, lakini kazi huwa ngumu na matokeo huwa madogo. Ndiyo maana hatuwezi kungoja mpaka mtoto afike darasa la nne ndipo tushangae mbona hasomi ubaoni. Na ndiyo maana karatasi iliyolala mkobani miezi mitatu si jambo dogo.

Sasa tuingie katika maandalizi.

Kwanza ni watu. Kupima uwezo wa kuona hakuhitaji daktari bingwa kukaa nanyi siku nzima. Mwalimu, muhudumu wa afya ya jamii au mama aliyefundishwa vyema na muuguzi wa macho anaweza kuifanya kazi hii. Lililo wajibu ni kuzungumza na kitengo cha macho kabla ya kupanga tarehe, mjue siku zao za kuwaona watoto, gharama zao, na kama wana mtaalamu wa kupima miwani ya watoto wadogo. Msipime watoto ambao hamjui mtawapeleka wapi. Wazazi nao waarifiwe mapema na watoe idhini yao.

Pili ni chati. Ile ya herufi zinazopungua ukubwa kila mstari, iliyobuniwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, haiwafai wasiojua kusoma, na watoto wetu wengi huzijua alifu na bee kabla ya herufi za Kizungu. Kwa hao ipo chati ya michoro minne, tufaha, nyumba, duara na mraba, iliyotayarishwa mwaka 1976 na daktari wa macho wa Finland, Lea Hyvärinen. Uzuri wake ni kwamba mtoto huruhusiwa kuita mchoro jina alipendalo. Akiliita tufaha embe au moyo, si kosa, almuradi aliite hivyo kila mara. Mwenye haya asiyetaka kusema hupewa kadi yenye michoro ile minne, akaonyesha kwa kidole inayofanana na anayoiona. Tahadharini na kuchapisha chati kutoka kwenye simu, kwa kuwa ukubwa wa michoro ukibadilika hata kidogo, kipimo chote hubatilika.

Tatu ni mahali. Chagueni chumba chenye mwanga wa kutosha, kisicho na dirisha linalong'aa nyuma ya chati. Chati nyingi za watoto wadogo hutumiwa kwa umbali wa mita 3. Pimeni kwa utepe, msikisie kwa hatua, kisha wekeni alama sakafuni. Watoto wanaosubiri wasikae humo ndani, maana mtoto ana masikio mepesi, na aliyesikia wenzake kumi wakitaja duara, nyumba, tufaha atazitaja hata akiwa amefumba macho.

Nne ni namna ya kuziba jicho. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Msimwambie mtoto ajizibe kwa kiganja, kwani atachungulia baina ya vidole, tena bila nia ya kudanganya. Tumieni plasta ya macho, au miwani ya kuchezea iliyozibwa upande mmoja, na mumkague kila baada ya muda. Anzeni kwa macho yote mawili akiwa karibu, kama mchezo, ili auzoee. Kisha apimwe jicho moja, halafu la pili. Programu inayopima macho yote mawili kwa pamoja na kuishia hapo ingempitisha mjukuu wa bibi yule kwa alama zote.

Tano ni kujua nani hakufaulu. Huenda mmesikia vipimo kama 6/12. Maana yake ni kwamba kitu ambacho mwenye macho mazuri hukiona akiwa umbali wa mita 12, huyu hukiona akisogea hadi mita 6. Kwa mtoto wa miaka minne, kila jicho linatarajiwa kusoma sehemu kubwa ya mstari wa 6/12. Aliyetimiza mitano anatarajiwa kusoma mstari ulio mdogo kidogo kuliko huo. Fauka ya hayo, macho mawili yakitofautiana kwa mistari miwili au zaidi, mtoto apelekwe kwa mtaalamu hata ikiwa lile jicho bora limefaulu. Kabla ya kuanza, thibitisheni viwango hivi kwa muuguzi wenu.

Yuko pia mtoto anayekataa kabisa. Hulia, hukimbia au hunyamaza. Tulikuwa na desturi ya kuwaandika hawa kuwa “hawakupimwa” na kuwasahau. Hilo nalo ni kosa. Mtoto asiyeweza kukamilisha kipimo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo la macho kuliko aliyekikamilisha. Apangiwe siku nyingine iliyo karibu, asubuhi, akiwa ameshiba na yuko na mtu anayemzoea. Akishindwa tena, apelekwe hospitali kama wengine.

Kuna watoto wasiohitaji kungoja chati. Ukiona weupe ndani ya mboni, au ukiona katika picha za simu zilizopigwa kwa mwanga wa flashi kwamba mboni moja inang'aa nyeupe ilhali ya pili ni nyekundu, mpeleke mtoto hospitali bila kuchelewa. Yawezekana ni mtoto wa jicho, na yawezekana ni saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo ikiwahiwa hutibika. Vivyo hivyo mwenye makengeza, kope iliyoziba mboni, au anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama. Wapo wasemao makengeza huondoka mtoto akikua. Kwa mtoto mchanga, macho kupishana mara moja moja ni kawaida, lakini yakiendelea kupishana baada ya miezi minne, daktari ayaone.

Haya yote, wasomaji wapenzi, ni sehemu iliyo nyepesi. Sisi tuliyafanya karibu yote mwaka ule wa kwanza, na bado watoto watano hawakufika.

Hatukuwa peke yetu katika hilo. Hapa hapa nchini, katika Kaunti ya Trans Nzoia, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 20,000 wa shule za msingi 50, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2018. Katika shule zote walimu ndio waliopima. Katika nusu ya shule, mtoto aliyeshindwa alipewa barua ya kupeleka nyumbani, kama tulivyofanya sisi. Miongoni mwa watoto hao, waliofika hospitali ni asilimia 22 tu. Katika nusu nyingine, walimu walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Mzazi alipelekewa picha inayoonyesha jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu, ukungu mtupu, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Huko walifika asilimia 54.

Tafakarini tofauti hiyo. Wazazi wa Kitale waliopokea barua hawakuwa na mapenzi haba kwa watoto wao kuliko wale waliopokea picha. Barua iliwaambia kwamba mtoto hakufaulu, na wao wakitazama wanamwona anakimbia na kucheza. Picha iliwaonyesha wasichoweza kukiona wao wenyewe.

Kwa hiyo mwaka wa pili hatukumkabidhi mtoto karatasi. Tuliwaita wazazi na walezi baada ya swala ya alasiri, kila mmoja kwa faragha, asifedheheke mbele ya majirani. Muuguzi alimketisha mlezi penye kiti alichokalia mtoto, akamwonyesha mstari ambao mwanawe hakuweza kuusoma. Bibi yule alikuja na buibui lake, akaketi. Mjukuu akazibwa jicho la kulia mbele yake, akaulizwa lile umbo kubwa kabisa la juu ni nini. Mtoto akanyoosha mkono hewani kama mtu anayepapasa gizani. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza jambo moja tu, “Ni siku gani wanaona watoto?”

Kisha tuligawana majina. Kila mtoto aliyeshindwa alipewa mama mmoja wa kumfuatilia, mwenye nambari ya simu ya mlezi, siku ya miadi, na wajibu wa kupiga simu jioni ya kuamkia siku hiyo. Ilipobainika kwamba kikwazo ni nauli, au kwamba mama hana wa kumwachia mtoto mchanga, lilitatuliwa pale pale. Msamaria akitaka kutoa sadaka katika programu kama hii, nauli na miwani ni bora kuliko fulana na mabango.

Hata hivyo, kufika hospitali nako si mwisho. Nchini Mexico, katika jimbo la Oaxaca, watafiti waliwatembelea bila taarifa watoto waliokuwa wamepewa miwani bure ndani ya mwaka mmoja na nusu uliotangulia. Waliowakuta wameivaa ni takriban 13 kati ya kila 100. Miwani hukaa kabatini kwa sababu tunazozijua sote: watoto huchekwa na wenzao, fremu hubana, na wazazi huogopa itavunjika. Kwetu sisi kuna na minong'ono mingine. Wapo wanaodai miwani huyaharibu macho na kuyafanya yaizoee. Sivyo. Miwani haiyadhoofishi macho. Kwa mwenye jicho zembe, ndiyo inayolifundisha kuona. Na wapo wanaonong'ona kuhusu binti, kwamba akianza kuvaa miwani mapema, nani atakuja kumposa? Nawaomba akina mama wenzangu tulizike neno hili. Binti asiyeona vizuri hunyimwa elimu yake ya dini na ya dunia leo, kwa hofu ya mchumba ambaye hajajulikana ni nani.

Dawa ya kuchekwa imo mikononi mwa walimu. Ustadhi wetu siku ya kwanza alivaa miwani yake ya kusomea darasani, akawaambia wanafunzi, “Leo mwenzenu amepata kama yangu.” Maneno machache hayo yalitosha. Walimu pia waambiwe ni nani anayepaswa kuvaa, ili wamkumbushe. Anayezibwa jicho apewe kazi anayoipenda katika saa zile, kupaka rangi, kutunga shanga, kuchambua mchele na bibi.

La mwisho ni daftari. Msihesabu waliopimwa peke yao, kwa kuwa idadi hiyo hupendeza kwenye hotuba lakini haimsaidii mtoto. Chora safu sita: aliyepimwa, aliyeshindwa, aliyefika hospitali, aliyepata miwani au tiba, anayeivaa baada ya miezi mitatu, na aliyerudi kupimwa tena. Kila safu ikipungukiwa na jina lililokuwamo katika safu ya kabla yake, pawepo mtu wa kubisha hodi. Iwapo nguvu zenu ni chache, ni bora kupima watoto thelathini na kuwafikisha wote wanaohitaji, kuliko kupima mia tatu na kuwaachia karatasi.

Nanyi msio na programu mtaani mwenu, msisubiri. Mtoto wako akiwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano, mwombe muuguzi wa zahanati akuelekeze pa kumpimia. Huko nyumbani, fanya mchezo wa haramia: mzibe jicho moja kwa kitambaa, akuokotee vitu vidogo, kisha ziba la pili. Mchezo huu hauchukui nafasi ya kipimo, lakini mtoto akilia upande mmoja tu, usidhani amechoka.

Mjukuu wa bibi alipatikana na tofauti kubwa baina ya macho yake. Alivishwa miwani, akazibwa jicho la kulia kila alasiri kwa miezi mingi. Hatukuwahi sana, kwa vile tulimpotezea mwaka mzima, na jicho lake la kushoto halijalingana na la kulia. Lakini limepanda mistari mitatu kwenye chati, na daktari anasema bado lina nafasi. Jumamosi iliyopita nilipopita kwao nilimkuta ameketi mkekani, plasta jichoni, akimtungia bibi uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda mrefu. Bibi hakumsaidia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kukamilisha tunayoyaanza. Wabillahi tawfiq.